Pad za breki za racing, na siku nilipombeba mama mkwe nazo

Wakuu wa jukwaa la magari, asalaam aleikum, na wengine wote habari za huko mliko.

Naona kila mara humu watu wanaulizana wafunge pad gani za breki kwa ajili ya track. Majibu mengi ni "funga za racing, maliza kazi". Mimi nilizifunga. Nawaeleza yaliyonikuta kama yalivyokuwa, chumvi sijaongeza.

Niko Unguja, naishi Chukwani, kazi yangu kutengeneza AC za mahoteli. Gari yangu ni moja tu, kigari cha Kijapani, manual. Hicho hicho cha kazini, hicho hicho cha sokoni, hicho hicho cha mashindano.

Na mashindano yenyewe msidhani ni makubwa. Tuko wenzangu na mimi wachache, sheha katuruhusu tutumie machimbo ya mawe yaliyoachwa. Gari inaingia moja moja, mtu anashika saa. Unazunguka matairi tuliyoyapanga, unarudi kasi, halafu lazima usimame ndani ya boksi lililochorwa kwa chokaa. Ukilipita, mzunguko wako hauhesabiwi.

Sasa hilo boksi lilinitesa.

Kwa pad za kawaida mizunguko ya mwanzo ilikuwa safi. Breki zikishapata moto, pedali inakuwa kama unakanyaga godoro. Napita boksi, wenzangu wanacheka: "Mwacheni huyo, anakwenda Kizimkazi kutazama pomboo!"

Iliniuma, nisiwadanganye.

Binamu yangu aliyeko Dubai akaniletea pad za racing zenyewe. Kwenye pakiti imeandikwa wazi kuwa zinashika zikishapata moto, na zikiwa baridi usizitegemee. Nilisoma na nilielewa. Dawa yake naijua, kabla ya kuanza unakanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa mpaka zichemke.

Machimboni wallahi nilifurahi. Nilikuwa nasimama katikati ya boksi, na wale wacheshi wote kimya.

Tatizo likaja nje ya machimbo.

Mke wangu Salma alinikubalia mchezo huu kwa sharti moja. Mama yake, Bi Mwanaidi, anakaa Bwejuu na magoti yanamsumbua. Kila akiwa na miadi hospitali mjini, mimi ndiye nimchukue. Salma aliniambia, "Siku gari yako ikishindwa kumbeba mama, na machimbo yako basi."

Na mnajua tena mambo ya mkwe. Mimi mbele ya Bi Mwanaidi sauti sipandishi, redio siwashi. Yeye anakaa siti ya nyuma, kajistiri na buibui lake, kimya. Namwendesha mguu mwepesi, utadhani nimebeba trei za mayai.

Mshaona linakokwenda?

Asubuhi ya miadi nimefika Bwejuu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo huko?" Kapakata bakuli la mchuzi wa pweza, anampelekea mwanawe.

Nilijua kabisa kuwa pad zishapoa pale nilipomsubiri, zinataka kukanyagwa kwa nguvu kwanza. Lakini ntazikanyagaje, mkwe yuko nyuma na mchuzi mapajani? Ntamwambia, "Mama jishike, napasha breki"? Niliona haya. Nikasema moyoni ntakwenda polepole, Mungu atatufikisha.

Wakuu, hiyo polepole ndiyo iliyoniponza. Njia nzima nagusa breki kidogo kidogo, kwa adabu, na pad hazikupata moto hata chembe.

Kabla ya kufika Jozani, gari la ng'ombe limejaa kuni likachomoza kwenye kinjia cha pembeni, likakata barabara.

Nikakanyaga. Wapi!

Pedali ngumu, gari inazidi kwenda. Nikakanyaga kwa miguu miwili, nikavuta handbreki, nikakata usukani, tukaishia majanini. Tuliposimama, ng'ombe yuko dirishani kwangu ananitazama.

Nyuma nilisikia shahada moja tu. Mchuzi wote uko kwenye buibui.

Mwenye ng'ombe akanifokea, "Nenda polepole bwana, una mzee humo!"

Nikampitisha nyumbani kwanza abadilishe nguo. Salma kaona buibui, kashtuka. "Mama, umekuwaje?" Nikasubiri hukumu yangu.

"Mchuzi umenimwagikia, mwanangu. Nilifunika vibaya."

Nikadhani yamekwisha.

Siku ya miadi iliyofuata nikampigia simu nimwambie ndiyo nnatoka. "Usijisumbue baba, nshapanda gari ya abiria." Na magoti yale! Mama wa watu alinisitiri kwa mwanawe, lakini gari yangu hapandi tena. Nilijiona mdogo sana.

Siku hiyo hiyo nikazing'oa. Nikafunga pad za kati, zile zinazoshika tangu zikiwa baridi na zinazostahimili moto kuliko za kawaida. Nikabadilisha na mafuta ya breki, nikatia yanayohimili joto. Ya zamani yalikuwa yameshachoka, na nadhani lile godoro kwa sehemu kubwa lilitoka huko. Ningeanza na hilo, pengine pad za Dubai nisingezihitaji.

Halafu nikaenda Bwejuu, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza huku anachagua mchele.

"Kwa nini siku ile hukunambia nijishike?"

"Nilikuonea haya, mama."

"Haya zako hizo, baba, zilikuwa zinizike."

Akainuka kwa tabu, akajifunga buibui, akaenda kwenye gari akafungua mlango wa mbele. Wa mbele, wakuu! Tangu nimwoe mwanawe hajawahi.

"Twende pale penye uwazi. Kanyaga nione."

Nikatia kasi, nikakanyaga. Gari ikasimama palepale, mtandio ukamjia usoni. Akauweka sawa.

"Tena."

Nikarudia.

"Haya. Miadi yangu Jumatano."

Funzo nililolipata: mwenye gari ya mashindano tu, funga za racing, huna wa kumwogopa. Lakini sisi wa gari moja kwa kila kazi, pad ichague kwa safari yako ya taratibu kabisa, na abiria unayemstahi kuliko wote. Machimboni siku nyengine boksi bado nalipita, na pomboo wanatajwa. Wacha wacheke.

Mnaotumia pad moja kwa njiani na kwenye track, mmefunga zipi na zinakwendaje? Andikeni hapo chini, ntasoma jioni. Sasa hivi niko Bwejuu, mama kashakaa siti ya mbele, kashika mkanda, ananisubiri nikanyage.