Imelewa, Haiwaki

Wiki iliyopita, hapa kwetu Sofu, vijana walikuja kukata mwarobaini wa jirani uliokuwa umeegemea nyaya za umeme. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Kabla sijasikia mlio, harufu ilishaingia dirishani: petroli iliyochanganywa na oili, na nyuma yake ule unga wa mti mbichi unaowasha puani. Mikono ikasimama yenyewe. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, nimeshazaa na nimeshazika, lakini harufu ile ikinikuta huwa natafuta pa kukaa. Siku hiyo nilikaa juu ya ndoo.

Nitawaambia kwa nini, ila mnivumilie, maana lazima nianzie mbali kidogo, kwenye mashine yenyewe.

Baba yangu, Mzee Athumani, alikuwa na msumeno wa mnyororo, huu ambao wengi huuita chenso. Haukuwa ule mkubwa wa kuangushia miti ya mbao msituni, wala ule mdogo wa kupunguzia matawi ya ua. Ulikuwa wa kati. Aliununua Kisarawe kwa mtu aliyekuwa ameacha kazi ya mbao, akarudi nao Gwata nyuma ya pikipiki, ameupakata njia nzima asikubali kuufunga kwa mpira. Basi watu wakaanza kumwita: huyu mkorosho wake umezeeka, yule mwembe umelalia paa la jiko. Tulikula kwa mashine ile, na sare yangu ya shule ilitoka humo.

Nyumbani hatukuiita jina lolote. Hatukusema msumeno, hatukusema chenso, hata mashine hatukusema. Tulisema tu imewaka, imegoma, imenuna. Kila mtu alijua ni nani anayesemwa, na kama hujui basi wewe ni mgeni.

Na ilikuwa na visa, jamani. Ikiwa ya baridi ilitaka uvute choki, kile kidude cha kuzidisha petroli, kisha uvute kamba mara mbili. Ya tatu usithubutu. Unarudisha choki kwanza, ndipo inaitika. Ukivuta ya tatu na choki bado iko nje, mafuta yanajaa ndani, plagi inalowa, na hapo baba alikuwa anaiweka chini taratibu na kusema, "Imelewa." Dawa yake ni kufungua plagi kwa spana, kuifuta kwa pindo la shati, kuigeuza mashine kichwa chini na kuvuta kamba mpaka itapike yote. Mashati yote ya baba yalikuwa na pindo jeusi ambalo halikutoka hata kwa sabuni ya mche.

Ikiwa ya moto ndiyo kabisa. Ukiizima ukanywe maji, haiwaki tena mpaka ipoe kivulini, kiasi cha kumaliza vikombe viwili vya chai, na ole wako uiguse choki. Mama alikuwa na lake la kusema. "Mwanamume huyu ikinuna yake anajua inataka nini. Nikinuna mimi anauliza ubwabwa umeiva?"

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Shomari, aliyekaa ng'ambo ya bonde, naye ana mashine ya ukubwa uleule. Ya kwake iliwaka kwa mvuto mmoja, ila ilivuja oili kila ilipowekwa na kuvua mnyororo wake yenyewe kazini. Ijumaa wakitoka msikitini walikuwa wanakaa nje ya duka na kutaniana. "Yako inajikojolea," baba anasema. "Inajikojolea lakini ukiiita inaitika," Mzee Shomari anamjibu. "Ya kwako wewe ya kubembelezwa." Nilidhani hao wangetaniana hivyo mpaka wazikane.

Nilikuwa darasa la nne, tuko likizo. Baba alikuwa bondeni anakata mkorosho mkubwa ulioangushwa na mvua, na mimi na mama tulimpelekea mihogo ya nazi. Tulipokaribia tulisikia mashine ikinguruma, ikalia juu, halafu kimya. Mama akasema ameona chakula, kaizima. Tukaendelea kutembea, na mimi nikalamba tui lililomwagika kwenye kifuniko.

Tulimkuta amelala chali kwenye mtaro. Alikuwa amekata tawi lililokuwa limeshikilia shina, na shina likabiringika likamlalia mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Mashine ilikuwa imerukia pembeni, imezimika, ya moto. Mama alisukuma lile gogo kwa mabega, kwa mgongo, kwa miguu. Mimi nilisukuma. Halikutikisika hata kidogo, na kila tulipolisukuma baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu.

Mama akaikimbilia mashine. Hakuwahi kuiwasha maisha yake yote, lakini alikuwa ameona kwa macho kwamba kwanza huvutwa choki. Akavuta choki. Baba alisema, "Mama Zai, choki hapana," lakini alisema akiwa hana pumzi, na mama alishavuta kamba mara tano, sita, saba. Petroli ikaanza kuchuruzika. Baba akafumba macho.

"Imelewa," alisema.

Spana ya plagi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake ya kazi, ule ulioshonwa chini ya goti la kulia, na ulikuwa chini ya gogo. Simu yake nayo ilikuwa mfuko huohuo. Simu ya mama ilikuwa dukani inachajiwa. Nilimwona mama akiangalia huku na huku kwenye lile bonde, hakuna nyumba, hakuna mtu, ni mikorosho tu, kisha akaurudia tena ule mfuko kwa macho.

"Zai," baba akaniita. "Kimbia kwa Mzee Shomari. Mwambie imelewa, haiwaki, aje na ya kwake. Rudia."

"Imelewa, haiwaki, aje na ya kwake."

"Haya."

Mtoto wa kwetu akitumwa dukani hurudia njia nzima alichotumwa asije akasahau, chumvi, kiberiti, chumvi, kiberiti. Ndivyo nilivyokimbia. Imelewa, haiwaki. Nilivuka kijito nikasema, nilipanda mlima nikasema, kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikukiangalia. Sikubadilisha hata silabi moja. Nilikuwa najivunia kwamba sikusahau.

Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Shomari, alikuwa uani anamenya mihogo. Nilifika sina pumzi, na kwa jinsi nilivyolelewa kwanza nilisema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

Ndiyo, nilijibu hatujambo. Baba yuko chini ya gogo, mimi nasema hatujambo. Halafu nikasema, "Baba kasema imelewa, haiwaki." Lakini neno "kasema" lilinifia kooni kwa kuhema, na mengine yakatoka yamebanana. Bi Mwanaidi akasimamisha kisu.

"Baba kalewa?" akauliza. "Tena? Na haamki?"

Mimi nilisikia haiwaki. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mchana wote huu?"

"Ndiyo, bibi."

Alisikitika kabisa, nisimsingizie. Alishusha pumzi, akasema, "Maskini mama yako. Basi mwacheni alale. Mwambie ammwagie maji ya kichwa."

Nikashangaa. Maji? Ukimwagia maji si ndiyo imekufa moja kwa moja? "Baba hataki maji," nikasema.

"Hakuna mlevi anayetaka maji."

"Anataka babu aje na ya kwake."

Hapo uso wake ukabadilika. "Mume wangu hana ya kwake," alisema. "Mume wangu hanywi. Shika adabu yako, Zaituni. Mzee kaswali, karudi, kalala. Nenda nyumbani, na njiani usitangaze aibu ya baba yako."

Mimi ni mtoto wa miaka kumi. Mtu mzima amesema nenda, na amekasirika, na sijui nimekosa nini. Nilisimama pale. Nilijaribu kusema tena, na nilichokuwa nacho mdomoni ni maneno yaleyale tu niliyotumwa, imelewa, haiwaki, na kila nikiyasema yeye anatikisa kichwa. Akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe. Nikanywa. Nakumbuka nilikunywa yote, kwa sababu ni aibu kurudisha kikombe kikiwa na maji. Akanionyesha njia kwa kidevu.

Nilizunguka nyumba ili nipite pembeni, nikaiona. Mashine ya Mzee Shomari ilikuwa imewekwa chini ya gunia karibu na mlango wa nyuma, na oili imevujia ardhini. Sikufikiri. Niliishika kwa mikono miwili nikaanza kuiburuta. Ilikuwa nzito, mnyororo unakwaruza mawe, mimi nalia huku naburuta kurudi nyuma.

"Nani huyo na mashine yangu?" sauti ikatoka ndani.

"Ni mimi, babu. Zai. Ya kwetu imelewa."

Mzee Shomari akatokea mlangoni na msuli, usingizi bado usoni. Yeye hakuhitaji kuelezwa. "Imelewa, basi si akaushe plagi?" akasema. Halafu akaniangalia mguu usio na kiatu. "Athumani yuko wapi?"

"Gogo limemlalia."

Aliitoa mashine mikononi mwangu, akatoa pikipiki yake bila hata kuvaa viatu, akanipakia. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kisu bado mkononi. "Mwanangu, si ungesema," aliniambia. Nilikuwa nimesema.

Tulimkuta mama bado anavuta kamba. Kiganja chake kilikuwa kimechanika na damu imetiririka mpaka kwenye kiwiko, na bado anavuta, anavuta, mashine iliyolewa haikohoi hata mara moja. Ilibidi Mzee Shomari amtoe mikono kwenye kamba kwa nguvu. Baba alikuwa mweupe midomoni. Alifungua macho akasema, "Umechelewa, Shomari. Mnyororo ulijivua?"

Mzee Shomari aliishusha mashine yake, akashika kamba. Alivuta mara moja, ikawaka.

Walimpeleka hospitali na gari la mkaa. Wiki ile ile mguu ukakatwa chini ya goti. Nilikuwa nimekaa sakafuni, ubavuni mwa benchi, daktari alipomwambia Mzee Shomari kwamba mguu ulikaa bila damu muda mrefu mno, kwamba wangewahi kidogo tu labda ungepona. Mzee Shomari aliinamisha kichwa. Mimi nikatazama kile kiatu changu kimoja kilichobaki mguuni.

Kuanzia siku ile nilijua ni mimi. Mama naye alijua ni yeye, kwa ajili ya choki. Mpaka alipofariki sikuwahi kumwona akigusa kamba ya kitu chochote, hata ya ndoo ya kisimani alikuwa ananiita mimi. Tuliishi nyumba moja, kila mmoja na lake, na hatukuulizana. Nilikuwa nalala nikifikiri: kwa nini sikusema gogo? Kwa nini nilisema hatujambo? Kwa nini nilikunywa maji yote?

Kitu ambacho sikukifikiria kabisa ni lile neno moja la Bi Mwanaidi. Tena. Nililipita tu. Mpaka nilipokuwa kidato cha pili, msichana mmoja tuliyegombana naye akaniambia mbele ya darasa, "Baba yako kaacha gongo la chupa, kashika magongo ya mti." Wakacheka. Mimi sikuelewa, nikaenda kumuuliza shangazi. Ndipo akaniambia kwamba baba alikuwa mlevi wa kuokotwa njiani, na kwamba aliacha mwaka nilioanza kutembea, kwa sababu siku moja nilitembea kumfuata nikaangukia alipokuwa amelala. Hakugusa tena. Nilikuwa na miaka kumi bondeni kule, na kwa miaka yote ile alikuwa hajatia tone mdomoni, lakini kwa Bi Mwanaidi alikuwa bado amelala njiani. Neno langu lilikosewa kidogo tu. Lililobaki lilikuwa limeshaandaliwa zamani, linasubiri mtu wa kulileta.

Hilo nililielewa nikiwa kidato cha pili. La pili nimelielewa wiki iliyopita, juu ya ndoo.

Baba anakaa nasi sasa. Alikuwa kibarazani, magongo yake pembeni, anawasikiliza wale vijana. Mashine yao ilizimika, wakavuta, wakavuta, na harufu ya petroli ikazidi. Nikamsikia baba akiita juu ya ukuta, "Acheni kuvuta. Mashine imelewa. Mashine. Toeni plagi."

Mashine. Ilikuwa mbele ya macho yao, wanaishika, na bado alilitaja jina lake mara mbili. Nikaanza kukumbuka. Tangu atoke hospitali sijamsikia kamwe akisema imelewa peke yake, imegoma peke yake. Siku zote mashine imelewa, mashine haiwaki, hata kwa majirani, hata kwa mama, hata kwa wanangu vigari vyao vya kuchezea vikigoma. Nilidhani ni uzee, mzee anapenda kurefusha maneno. Kumbe alijua. Mzee Shomari alimwambia yote, pengine palepale hospitali, na baba hakuniuliza hata siku moja, alikuwa anasahihisha tu sentensi yake.

Nikatoka na mchicha mkononi.

"Baba," nikasema, "siku ile kwa Mzee Shomari sikusema mashine."

Hakugeuka. Aliyasogeza magongo yake nipate pa kukaa.

"Mimi ndiye sikukutuma vizuri," akasema.