Kusubiri Kuitwa

Mtafiti alitoka stesheni kwa mlango usio wenyewe, akajikuta nyuma ya maghala, mkoba begani, begi la magurudumu likigoma kila penye mchanga. Alikuwa ameishi katika miji mingi. Aliweza kuomba maji kwa lugha sita na kuomba radhi kwa mbili, lakini hapa hakujua hata upande wa kugeukia. Alimuuliza kinyozi mmoja aliyesimama mlangoni pake akikung'uta taulo.

"Namtafuta fundi wa kushona. Nimeambiwa ana chumba cha kupangisha."

"Mama Pindo?" Kinyozi alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini. "Umeshafika, mlango unaofuata. Ila uwe na nguo iliyofumuka. Asiye na cha kushonwa, yule hana la kuongea naye."

Mama Pindo alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, pini mdomoni, miguu ikikanyaga cherehani. Hakuitoa pini wala hakusimamisha cherehani.

"Chumba kipo. Bafu tunachangia na kinyozi, kwa hiyo wahi asubuhi. Yule akiingia huko anaimba mpaka maji yakatike. Unafanya kazi gani?"

"Ninasomea anthropolojia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya watu. Wanavyoishi, wanavyooana, wanavyopeana vitu, wanavyohesabiana undugu."

"Umbea wa chuo kikuu!" kinyozi alidakia kutoka kwake. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimechoka.

Mama Pindo alicheka, na pini ikaanguka. Hivyo ndivyo mtafiti alivyopata chumba.

Katika elimu ile, mtu haji na maswali yake asubuhi akaondoka na majibu jioni. Unakaa na watu, unakula wanachokula, unashika kazi wanayoshika, hadi siku wanapoacha kufagia kwa ajili yako. Na kipimo cha nyumbani kwenu unakiacha nje, kwa sababu ukiingia nacho utaona mapungufu matupu. Basi kila asubuhi mtafiti alikaa kwenye kigoda, akifumua nyuzi za kushikiza, akishona vifungo, akizoa vipande vya kitambaa sakafuni. Na akiuliza. Kwa nini mteja huyu halipi lakini kila mara analeta ndizi? Kwa nini mteja yule anasalimiwa kwa kusimama? Haikupita wiki kinyozi akambatiza jina la Kwanini, na jina likaenea mtaa mzima.

"Kwanini, umeamkaje?" kinyozi alimsalimu asubuhi moja.

"Salama. Kwa nini leo umefungua mapema?"

"Ehe! Hata chai haijashuka."

Siku moja kazi ilipopungua, mtafiti aliomba kuandika ukoo wa fundi. Alitumia chaki ya kushonea, juu ya meza ya kukatia: duara kwa mwanamke, pembetatu kwa mwanamume, mstari wa kushuka kwa waliozaliwa. Alikuwa amefundishwa kuanzia hapo, kwamba ukishajua nani ni nani kwa nani, mengine yatajieleza.

"Ndugu zako?"

"Mdogo wangu mmoja, wa kike. Yuko ng'ambo, anatunza wazee wa watu."

"Na watoto?"

"Mmoja. Binti."

Upande wa pili wa mbao kinyozi alikohoa, kikohozi kisichotoka kifuani. Jioni, bila kuulizwa, alimweleza mtafiti: Mama Pindo hakuzaa. Yule binti alikuwa wa mdogo wake, aliyemwachia akiwa hajaota meno, akarudi kumchukua akiwa msichana wa kuvunja ungo. Siku ile Mama Pindo alishona hadi usiku, na nguo zote za siku ile zilirudishwa na wenyewe zishonwe upya.

Mtafiti alikuwa amefundishwa pia kutofautisha wanachosema watu na kilichotokea. Akarudi mezani, akafuta mstari ulioshuka kutoka duara la Mama Pindo, akauteremsha kutoka duara la mdogo wake. Duara la Mama Pindo likabaki halina kitu chini. Aliona amefanya kazi safi.

Asubuhi Mama Pindo aliitazama michoro ile, akachukua kitambaa chenye unyevu.

"Nafuta," alisema. "Nina suruali ya kukata."

Akaikata polepole mno kwa mtu wa kazi yake.

Mengine yalimtoka kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye sindano. Binti alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani ileile. Alipochukuliwa, Mama Pindo aliendelea kumshonea gauni kila mwaka, akikisia mwili asiouona. Alimkisia mabega, akamkisia urefu, na chini akaacha pindo refu la kufunguliwa, ili gauni limkute popote alipofika. Jina la Mama Pindo lilitokana na mapindo yale. Wakati mwingine ilikuja picha, gauni likiwa limebana kwapani, naye angeitazama na kusema, "Kumbe amenenepa," kwa sauti ya mtu aliyepitwa na jambo.

Sasa binti alikuwa ameolewa katika mji wa mbali, na alikuwa mjamzito. Simu ya mwisho alisema, "Nitakupigia nikijifungua." Tangu hapo simu ya Mama Pindo haikuzimwa. Alipoletewa kazi ya magauni ya harusi, kazi ambayo fundi mwingine angeipigania, aliikataa.

"Nina safari," alimwambia bibi harusi.

"Lini?"

"Sijui bado."

Mtafiti hakuweza kujizuia. "Dada, kwa nini usiende tu?"

Mama Pindo alikata uzi kwa meno.

"Mwanamke akijifungua mara ya kwanza humwita mama yake. Mama yake anaweza kuja kutoka ng'ambo, sijui. Mimi nikienda bila kuitwa, watanikaribisha vizuri sana. Watanipa kiti, watanipa soda. Sitaki kiti, mdogo wangu. Nataka nifike niambiwe, shika huyu mtoto, mimi nalala."

Siku simu ilipolia, Mama Pindo alikuwa amekwenda dukani kununua zipu, kaiacha simu kwenye chaji kando ya cherehani. Namba haikuwa na jina. Mtafiti aliipokea. Nyuma ya sauti ya mwanamke aliyechoka, kitoto kilikuwa kikilia.

"Mama yupo?"

Mtafiti alijua duara lipi liko juu ya lipi. Alidhani binti amechanganya namba kwa uchovu, anamtafuta aliyeko ng'ambo.

"Hapa si kwa mama yako," alisema kwa upole. "Hapa ni kwa mama yako mkubwa. Nimwambie umempigia?"

Simu ikakatwa.

Mama Pindo alirudi na zipu zake. Mtafiti alimweleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyomwia mazito. Mama Pindo alisimama katikati ya chumba.

"Rudia alivyosema."

"Alisema, mama yupo?"

"Hakusema mama mkubwa?"

"Hapana."

"Rudia tena."

"Mama yupo?"

Mama Pindo alikaa, uso wake ukafunguka, kisha ghafla ukajikunja. "Nawe ukamwambia hayupo."

Aliipiga namba ile. Aliyepokea ni mwanamke mwingine, mwenye kitanda cha jirani katika wodi ya wazazi. Ndiyo, alimwazima simu. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Sasa amelala, maana alilia sana.

"Analilia nini?"

Ilibidi yule mwanamke ashawishiwe kusema. "Ati mama yake amemkana."

Mama Pindo alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ya kazi, ile ya kuwaambia wateja nguo itakuwa tayari lini.

"Akiamka mwambie mama yake yuko njiani. Mwambie hivyo hivyo. Usiongeze neno wala usipunguze."

Kinyozi alishatokea mlangoni, wembe mkononi, akimwacha mteja wake na shavu moja la povu.

"Nimesikia. Basi la jioni halijaondoka. Unasubiri nini, kadi ya mwaliko?"

"Nasubiri unyamaze nipate kufikiri."

Kinyozi alibeba begi, mtafiti akabeba kikapu. Njiani kuelekea stendi mtafiti alisema, "Dada, nisamehe."

"Nitakusamehe nikifika. Sasa hivi sina nafasi."

"Twende wote? Nimweleze mwenyewe kwamba kosa ni langu."

"Uje ufanye nini, umuulize kwa nini analia?" Mama Pindo alimtazama, na ukali ukampungua kidogo. "Baki. Wateja wakija, waambie wasubiri. Suruali ile usiiguse, mkono wako bado ni wa vifungo."

"Na mdogo wako je, akiwa ameshafika kule?"

Mama Pindo alikuwa ameshakanyaga ngazi ya basi. Alisita, mkono kwenye chuma cha mlango.

"Basi tutakuwa wawili," alisema. "Mtoto mchanga ana nepi nyingi."

Alipata kiti cha dirishani. Hakupunga mkono. Muuza vitambaa mwenye duka linalotazamana na la fundi alikuja mbio hadi stendi, akimwuliza mtafiti Mama Pindo anakwenda wapi na kazi ya watu iko mezani.

"Kwa mwanawe," mtafiti alijibu. "Amejifungua."

Muuza vitambaa alifungua kinywa, akamtazama kinyozi. Kinyozi alikuwa akitazama wembe wake.

Basi lilijongea. Kupitia kioo walimwona Mama Pindo amekaa ukingoni mwa kiti, kikapu mapajani, mkono umeshika kiti cha mbele, kama mtu anayeshuka kituo kinachofuata, na safari ilikuwa ya usiku kucha.