Kola Mia Sita na Sahihi ya Mma Tebatso

Kazi ya Mma Tebatso ilikuwa kuwasumbua watu, na aliifanya kwa moyo mmoja. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale Broadhurst, Gaborone, juu ya duka la vipuri vya magari. Ukitaka kuuza Botswana chochote kinachorusha mawimbi ya redio, iwe rimoti ya geti, spika isiyo na waya au kengele ya mlangoni, lazima kwanza mamlaka ya mawasiliano ikipime kifaa hicho na kukupa cheti. Kiwanda cha ng'ambo hakiwezi kujiombea chenyewe. Kinahitaji wakala mwenyeji wa kutia sahihi na kubeba lawama, na Mma Tebatso alikuwa wakala wa namna hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Mawakala wenzake walipitia makaratasi, wakagonga muhuri, wakaenda zao kula. Yeye alifungua. Kila sampuli ilipomfikia aliichokonoa kwa bisibisi mpaka utumbo ukawa nje, akailinganisha na picha alizotumiwa, na kama kiwanda kimebadilisha kipande, kiwe kidogo namna gani, mzigo unarudi ulikotoka. Shehena yenyewe ikija kutoka forodhani alifungua tena. "Hata skrubu isipishane na sampuli," ndilo lilikuwa neno lake, na wateja walimwigiza sauti akiwapa mgongo. Alijua wanamwigiza, na mimi nasema alipenda. Katika miaka yote hiyo hakuna cheti chake hata kimoja kilichowahi kufutwa, na habari hiyo hakuisimulia kwa unyenyekevu.

Mwaka huo akamjia Rra Gabaake (Rra kwao ni Bwana, kama Mma alivyo Bibi), mwalimu mstaafu wa Bobonong. Yeye na wafugaji wenzake walikuwa wameagiza kola mia sita za kuvalishwa ng'ombe shingoni. Kila nusu saa kola inatuma ujumbe mfupi kueleza mnyama yuko wapi. Kwa watu wa kule hilo halikuwa pambo. Uzio wa mpakani umetoboka, na ng'ombe akishavukia Zimbabwe hakuna kumrudisha zizini. Anapigwa risasi kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo.

Kwa ajili ya vipimo, kiwanda kilituma sampuli maalumu. Maabara haiwezi kukaa nusu saa ikingoja mlio mmoja, kwa hiyo sampuli ya namna hiyo hutiwa programu ya majaribio inayoifanya irushe mawimbi mfululizo bila kupumzika. Kola ikapimwa, ikafaulu, cheti kikatoka. Shehena ilipofika Mma Tebatso alifungua kola tatu badala ya moja, akakuta kila kitu ndani sawasawa na sampuli. Programu, bila shaka, haionekani kwa macho. Akatia sahihi.

Jumatatu asubuhi, katika ghala la Broadhurst ulimohifadhiwa mzigo, watu wa Rra Gabaake waliwasha kola arobaini za kutangulia Bobonong. Haikupita robo saa, mtaa mzima ukasimama.

"Funguo zangu zimekufa!" dereva wa gari la mikate alipiga kelele, akibonyeza rimoti mpaka kidole kikamuuma.

"Hazijafa, rra, gari limekuchoka," mama muuza magwinya, yale maandazi ya kule, alimjibu. "Lina akili kuliko mkeo, yeye bado anakuvumilia."

"Cheka tu, mma. Na lile geti unaloegemea je, limemchoka nani?"

Kweli, mageti nayo yalikuwa yamegoma. Kufikia saa sita akatokea Rra Moseki, mkaguzi wa mamlaka, mtu mrefu asiyecheka bure, ameshika antena mkononi. Antena ikamvuta moja kwa moja hadi mlangoni mwa ghala. Mma Tebatso akaitwa.

"Dumela, Mma Tebatso. Cheti hiki chako?"

"Dumela, rra. Changu."

"Kwenye maombi uliandika kola inasema mara moja kila nusu saa."

"Ndivyo inavyofanya."

"Hebu sikiliza." Akamsogezea kipimo. Mlio ulikuwa mmoja, mrefu, haukatiki, ukizifunika rimoti zote za mtaa.

Mma Tebatso akakisukuma kipimo kando. "Kiwanda kimetuchezea hiki! Sampuli nzuri kwenu, takataka kwa mteja!"

"Kama kimedanganya, utaratibu unaujua kuliko mimi. Cheti kinafutwa, mzigo wote unasagwa. Zizimeni hizo kola. Alhamisi niletee maelezo."

Jumatano akakaa kuandika, na aliandika kwa hasira tamu ya mtu aliyedhulumiwa. Alitaka kuambatanisha barua pepe zote alizoandikiana na kiwanda, aonyeshe alivyowaonya. Ndipo akaikuta moja ya mwezi wa nne. Injinia wa kiwanda, Bi Luo, alikuwa amemuuliza: "Sampuli ya maabara ina programu ya majaribio. Katika shehena tuweke programu ya kawaida, au ileile?"

Na yeye alikuwa amejibu: "Nimeshasema. Kila kitu kama sampuli."

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ameshapakia gari kwenda kwenye ng'ombe zake Molepolole, na swali lile alilisoma nusu. Watu wa kiwanda walimwelewa neno kwa neno, wakaweka ileile ya majaribio. Wote walimjua kwa ukali wake, basi nani angethubutu kuuliza mara ya pili?

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaifunga barua ile, akaifungua, akaifunga tena. Hakuna aliyekuwa anaitafuta. Bi Luo yuko mbali, na kiwanda kimezoea kutukanwa. Akinyamaza, kola zitasagwa lakini jina lake litabaki safi kama lilivyokuwa. Akiitoa, itaonekana kwamba kola zenyewe hazina ila, programu itabadilishwa na cheti kitabaki. Ila wakala aliyetoa agizo hilo jina lake linafutwa kwenye orodha, na kwa umri wa miaka hamsini na minane hakuna wa kumrudisha.

Hajaamua bado, simu ikalia. Alikuwa Rra Gabaake.

"Mma, wanne wamevuka jana. Wamepigwa risasi wote. Mmoja alikuwa na mimba."

"Pole, rra."

"Kola zangu zitatoka lini? Niambie kitu. Watu hapa wananiangalia mimi."

Alipokata simu alilia kidogo, kwa hasira ya kujichukia, kisha akawasha printa.

Alhamisi Rra Moseki aliisoma karatasi ile mara mbili.

"Mma, mimi nilishaandika kosa ni la kiwanda."

"Futa."

"Unajua nikiandika hivi itakuwaje?"

"Kanuni hizo nilizisoma wewe ukiwa shule, rra. Andika."

Akaandika. Wiki iliyofuata jina lake likatolewa. Kiwanda kikatuma programu sahihi, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, Mma Tebatso alishinda ghalani siku tisa akizibadilishia kola programu kwa waya, moja baada ya nyingine, kila moja akiiwasha na kuisikiliza. Hakulipwa wala hakudai.

Siku ya kuchukua mzigo, Rra Gabaake alikuja na lori na vibarua. Alishaambiwa yote. Alisimama mbele ya Mma Tebatso bila kuvua kofia.

"Ng'ombe wangu wanne, Mma."

"Najua, rra. Ni mimi."

Mzee akampita, akaenda kwenye maboksi. Wakala mpya, kijana wa suti aliyerithi faili lile, alikuwa keshaweka karatasi juu ya boksi na kutia sahihi akiwa wima, bila hata kuinua kifuniko. Mma Tebatso hakuwa tena na haki ya kusema lolote pale.

Rra Gabaake aliitazama sahihi ile.

"Wewe umezisikiliza kola hizi?"

"Cheti kipo, rra," wakala alisema. "Kila kitu kiko sawa."

Mzee aliisukuma karatasi kando, akageukia lori. Kisha, bado uso kaugeuzia lori, akauliza:

"Mma Tebatso, ziko sawa?"

"Ziko sawa, rra. Zote mia sita."

"Haya," akawaambia vibarua. "Pakieni."