Kisigino cha Jabir na Geti la Uwanja

Mimi na watu wa mpira hapa Wambaa hatupikiki chungu kimoja. Nikipita mbele ya barza yao wananyamaza, nami nafyonya nikaenda zangu. Si chuki ya bure. Wameniharibia ndugu yangu.

Jabir ni mdogo wangu, kitinda mimba. Mama alifariki yeye hajaota meno, nikamlea mimi. Sasa ana miaka kumi na saba, na mguu wake wa kushoto unajulikana kusini yote. Mtoto hakutaka nyumba wala pikipiki, alitaka kuchezea timu kubwa ya Unguja tu. Mwaka huu watu wa timu hiyo walikuja kumtazama, wakasema msimu ukimalizika watamchukua.

Shida ni kisigino. Asubuhi akishuka kitandani alikuwa hakikanyagi, anakwenda chooni kwa vidole. Mchana kinapoa, jioni akicheza kinarudi, na kifundo kinavimba. Nilimkanda kwa maji moto ya chumvi. Kilipoa, kisha kikarudi kibaya zaidi.

"Nguu waniuma, Dada," ananiambia, na kesho yake yuko uwanjani.

Suhaib, kocha wao, alikwisha pata jibu lake. Kakanyaga kitu, akasema. Wapinzani wamefukia uchawi getini, kwa hiyo mchezaji wetu yeyote asipite geti. Basi kila siku ya mechi vijana wanauparamia ukuta wa uwanja, wanarukia ndani. Na ukuta wenyewe unamzidi mtu kimo. Mtu anaumwa kisigino, nanyi mnamrusha kutoka juu? Nilimwuliza Suhaib swali hilo mbele ya wenziwe.

"Bi Rahila, mambo ya mpira huyajui," akanijibu. "Kapike."

Nikamwambia na yeye mambo ya visigino hayajui, basi naye angenyamaza. Tangu siku ile hatuamkiani.

Nikampeleka Jabir hospitali. Daktari Fatema alimlaza kifudifudi, akambonyeza nyuma ya kifundo, Jabir akauma mto.

"Mshipa huu unaoshika kisigino umechoka," daktari akasema. "Kinachouumiza ni kuruka na kutua. Mpumzishe mpaka nikwambie. Ukikatika, habari ya Unguja isahau."

Jabir akaitikia, "Inshaallah, daktari." Nami mjinga nikafurahi.

Na kweli alipumzika. Uvimbe ukashuka, akaanza kushuka kitandani kama watu. Ndipo ikaja fainali, na Suhaib akaja nayo mpaka kwangu, kaniita dada kwa sauti ya asali. Hawamlazimishi kukimbia, anasema, aingie mwishoni tu, apige kona. Nikamtazama Jabir. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda uwanjani, amebaki mwili. Nikasema haya, lakini atapita getini, na mimi nitatangulia, huo uchawi wenu nikaukanyage mimi kwanza. Suhaib akacheka. Jabir akainamisha kichwa kwa haya.

Siku ya fainali nilifunga kanga kiunoni, nikalipita geti, nikarudi, nikalipita tena, watu wote wananitazama. Sikuanguka wala sikupatwa na kizunguzungu. Nikamshika Jabir mkono, nikamwambia tupite. Wenziwe walikuwa wamekaa juu ya ukuta, wananing'iniza miguu.

"Mwacheni," mmoja akasema, "huyo bado anavushwa na dadake."

Wakacheka. Jabir akautoa mkono wake katika wangu, akauparamia ukuta. Mimi nikakimbilia ndani kupitia geti. Nilifika anatua, na nikausikia mshipa ukikatika, kama kuni kavu ukiivunja gotini. Alikaa chini pale pale, ameshika kisigino, anamwita Suhaib. Hakuniita mimi. Niliupakata mguu wake mpaka gari ilipokuja, na wao wakaingia kucheza.

Unguja alikwenda, kweli. Alikwenda kupasuliwa. Daktari wa huko naye akasema kutembea atatembea, mpira basi.

Sasa amelala nyumbani. Wageni wanakuja kumjulia hali, wananiletea ile methali ya kuvunjika guu, nami nawaambia mkuu mwenyewe ndiye aliyempandisha ukutani. Suhaib hajatia mguu. Lakini maneno yake yanafika.

Jana nilikuwa namfuta Jabir miguu kwa kitambaa cha maji, akaniambia, "Dada, wanasema wewe ndiye uliyekanyaga pale getini, kisha ukanishika mkono."

Nikamwuliza, "Na wewe, baba, wasemaje?"

Aliuvuta mguu wake polepole, kwa maumivu, akauweka mbali na mikono yangu.