Siku Mandera Alipotoka Jela

Saa kumi na moja alfajiri, mafuta yanachemka na mandazi ya kwanza yanageuzwa. Waithira Ngendo anajipangusa unga mikononi, anachukua chaki na kuufuta ubao mweusi uliotundikwa mlangoni pa kibanda chake cha chai. Hapa Gatongora, Ruiru, kuna watu hawanywi chai kabla ya kuusoma ubao huo.

Juu huandika "SIKU KAMA YA LEO", kisha mambo yaliyotukia tarehe hiyo, ya dunia na ya mtaani, bila ubaguzi. Leo ni Februari 11. "1929, Papa alipata nchi yake, Vatikani. 2011, rais wa Misri aliachia kiti. 2016, Mama Ciku alijifungua mapacha."

Halafu mstari unaosubiriwa mwaka mzima: "1990, Mandera alitoka jela."

Alitaka kuandika Mandela. "Mimi ni Mkikuyu, hizo r na l hunichezea," anasema bila haya. "Mwaka wa kwanza niliandika hivyo. Awiti akauliza mji mzima wa Mandera ulishtakiwa kwa kosa gani. Watu walicheka hadi chai ikapoa."

Awiti ni fundi viatu wa hapo jirani. Tangu siku ile, yeye na wateja wenzake wamemkataza Waithira kusahihisha.

Lakini leo chaki inasita. Mwanawe Muriithi, aliyekuwa akiendesha bodaboda, anaachiliwa asubuhi hii kutoka gerezani Thika. Alibeba mzigo bila kuuliza umetoka wapi. Ulikuwa wa wizi, naye akapewa miaka mitatu.

"Nimeandika harusi za watu na matanga yao," anasema Waithira. "Ya kwangu nikaficha. Nikiandika, watamcheka kama walivyocheka Mandera. Nisipoandika, atajua namwonea haya. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, jamani, nimwonee haya?"

Awiti anaweka kikombe chini. "Andika, Mama Muriithi. Sisi tulicheka herufi. Mtoto hatumcheki."

Anaandika: "LEO, Muriithi ametoka jela." Maandishi yamepinda kidogo, na anayaacha yalivyo.

Saa nne na ushei, kijana mrefu mwenye mfuko mdogo begani anasimama mbele ya ubao. Anasoma polepole, kutoka juu hadi chini.

"Mathe," anasema Muriithi, "kumbe bado ni Mandera?"

Kicheko kinawatoka wote kwa pamoja. Waithira anacheka na kulia, leso usoni, na hakuna anayemwambia anyamaze.

Muriithi anachukua kitambaa, anafuta maneno "ametoka jela", kisha anaandika yake mahali pake: "ameludi nyumbani."

Kama ni makusudi au ni damu ya mama, hakuna anayeuliza. Awiti ananyoosha mkono kuirekebisha ile l. Waithira anaupiga mkono huo kwa mwiko, taratibu.

Kuanzia wiki ijayo, anasema, Muriithi atashika upande wa chapati, ambao ameuacha wazi miaka hii yote akimngojea.

"Na mwakani, tarehe kama ya leo," anaongeza, akimsogezea mwanawe chai, "nitaandika hivyo hivyo. Ameludi. Mtu asiniguse ubao."