Mpima hedifoni na seremala aliyesikia majibu bila maswali

Saa mbili na robo asubuhi, mlango wa chuma wa duka la vifaa vya umeme umepandishwa nusu tu. Mlinzi anafagia kizingiti. Ndani, nyuma ya rafu za pasi na feni, mwanamke mwenye sweta la kijivu anawasha taa kwenye kibanda cha mbao ambacho upana wake hauzidi kabati la nguo. Kuta zake zimebandikwa sponji ya godoro kutoka chini hadi juu. Ukikaa humo na kufunga mlango, honi za barabarani zinakuwa kama za mtaa wa tatu.

Mezani kuna tochi ndogo, vijiti vya meno, pamba, kitambaa laini na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Hivyo ndivyo vifaa vyake vya kazi. Vingine, anasema huku akigusa pembeni mwa kichwa, ni haya masikio mawili aliyozaliwa nayo.

Mteja wa kwanza anaingia na boksi mkononi na ndita usoni. Ni msusi mwenye saluni mtaa wa nyuma.

"Nimeinunua jana tu, dada," anasema. "Sauti nyembamba kama uzi. Besi hakuna kabisa."

"Nipe simu yako," anajibu mwenye kibanda.

Hedifoni yenyewe haigusi. Anamulika tundu la pini, anaingiza kijiti cha meno na kukizungusha taratibu. Kinatoka kibonge cha nyuzi za mfukoni, kikubwa kama punje ya dengu. Anachomeka pini. Safari hii inaingia mpaka mwisho, na inalia: tik.

Msusi anavaa na kusikiliza. Ndita zinafumuka moja moja.

"Kumbe kosa ni la simu."

"Kosa ni la mfuko wa aproni yako," anaambiwa, na wote wawili wanacheka.

Wenzake dukani humwita Dada Sikio. Ana miaka arobaini na mitatu, mume fundi mwashi, mabinti wawili, na mama mkwe anayeishi naye chumba cha pili. Kazi yake ni moja: kupokea watu walionunua hedifoni mpya na kurudi wakilalamika kwamba zinasikika vibaya, kisha kutafuta sababu.

Mwezi uliopita walikuja arobaini na sita. Thelathini na tisa kati yao waliondoka na hedifoni zilezile walizokuja nazo, wakiwa wameridhika. Wengi, anasema, huwa hawajatoa ile nailoni nyembamba inayofunika spika. Wengine wamevaa vipira vidogo kuliko masikio yao, na sauti nzito zote zinavujia nje. Zile zisizo na waya zina visa vyake. Mara nyingine simu hudhani mwenyewe yuko kwenye maongezi, hivyo hata muziki huutoa kwa sauti ya simu, mkavu kama ubao.

"Watu huja wamekasirika," anasema. "Mtu amejinyima, amenunua kitu kizuri, halafu kinamwaibisha mbele ya nafsi yake. Mimi siwezi kuanza kwa kumwambia amekosea. Naanza kwa kusikiliza anachosikia yeye."

Kusikiliza alikujua zamani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa opereta wa simu kwenye kampuni moja kubwa, akiunganisha wapigaji na ofisi zao. "Nilikuwa namjua mtu kwa pumzi, kabla hajasema haloo." Kisha ikaletwa mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, na maopereta wanne wakapewa barua siku moja. Alikaa nyumbani miezi kumi na minne. Alipopata kazi kwenye duka hili, ilikuwa ya kufungasha mizigo, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani.

Akiwa stoo, akifunga maboksi, ndipo alipoona hedifoni ishirini na mbili zimerundikwa zikisubiri kurudishwa kwa msambazaji. Bosi alikuwa ameapa kutouza tena takataka hizo. Yeye akaomba azijaribu wakati wa mapumziko. Kufikia mwisho wa wiki, kumi na saba zilikuwa zinaimba. Bosi alimtolea meza, akaiweka kwenye ujia karibu na feni, na kazi ya kufungasha akampa mtu mwingine.

Mambo yakaenda vizuri hadi alipokuja seremala.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kwa miaka thelathini na mbili amekuwa akiendesha mashine ya kuranda mbao. Alinunua hedifoni siku ya Jumatatu, Alhamisi akairudisha. "Inasikika kama mtu aliye ndani ya debe," alisema. Ilipimwa, ikaonekana nzima, lakini kwa heshima ya umri wake akabadilishiwa. Baada ya siku nne akarudi tena. Safari hiyo aliongeza pesa akachukua ya bei ya juu. Hiyo nayo akairudisha.

"Baba, unasikiliza nini hasa?" Dada Sikio alimuuliza mara ya tatu. "Nataka kusikia hichohicho."

Mzee akatoa simu. Binti yake wa mwisho, alieleza, ndiyo kwanza ameajiriwa redioni, mji mwingine. Kila anapomhoji mtu, humtumia baba yake mahojiano kabla hayajarushwa hewani. Yeye hukaa karakana wakati wa chakula cha mchana na kusikiliza.

"Sasa shida ni hii, mwanangu," alisema. "Nasikia watu wanajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Kuna huyu bwana mfuga nyuki. Anasema, 'Wananijua kwa harufu.' Nani hao? Sijui. Binti yangu mwenyewe simsikii, labda mnong'ono tu. Nimeshindwa hata kumpongeza. Nikimpigia namwambia 'umefanya vizuri', nadanganya."

Dada Sikio alivaa hedifoni ile na kufumba macho. Alisikia kila kitu. Mfuga nyuki alikuwa upande wa kushoto, sauti nzito ya taratibu. Binti alikuwa upande wa kulia, sauti angavu yenye kicheko karibu. Mahojiano yalirekodiwa kwa maikrofoni mbili, kila moja na upande wake, na hakuna aliyekuwa bado ameyachanganya.

Akamrudishia mzee hedifoni, lakini akamvalisha kinyume, upande wa kulia ukakaa kushoto.

Uso wa seremala ulibadilika. "Huyu hapa," alisema. "Huyu ndiye mwanangu." Akasikiliza kidogo, kisha akakunja uso. "Mbona sasa bwana wa nyuki ametoweka?"

Hapo ndipo Dada Sikio alipojua. Na hapo ndipo alipokosea, kama anavyokiri mwenyewe. Feni zilikuwa zinavuma na foleni ilikuwa ya watu saba. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, mzee hakusikia. Akarudia, hakusikia. Mara ya tatu akapaza sauti: "Hedifoni ni nzima, baba. Sikio lako la kulia ndilo halisikii."

Duka zima lilisikia. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka.

Seremala aliivua hedifoni na kuilaza juu ya meza, taratibu, kama anayeweka kitu cha watu. "Nimekuja kununua sauti," alisema. "Sikuja kutukanwa ukiziwi." Akaenda moja kwa moja ofisini kwa bosi, na alipotoka hakuangalia kushoto wala kulia. Hedifoni aliiacha palepale.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mlinzi alimtania Dada Sikio ili kumchangamsha. Hakuchangamka.

Jioni bosi alimwita. "Kazi yako ni kupima hedifoni," alimwambia. "Watu wanapimwa hospitali. Likitokea tena, utarudi kufungasha."

Siku tisa zilipita. Anasema hazikuwa siku za hofu ya kazi peke yake. "Nilikuwa naona aibu. Kweli niliijua, lakini niliitoa mbele za watu kama mnadani. Angekuwa baba yangu ningemvuta pembeni." Hedifoni ya mzee aliifunga kwenye mfuko, akaiweka kwenye droo yake, na kila mtu aliyetaka kuirudisha rafuni alimkatalia.

Siku ya kumi seremala alirudi. Alisimama kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, aliweka karatasi ya hospitali mezani na kuinama ili asipaze sauti.

"Nilikaa na hasira siku tatu," alisema. "Ya nne nikaziba sikio la kushoto kwa kidole, nikawasha mashine ya kuranda. Nilisikia kama iko kwa jirani. Nikajua hukunitukana."

Hospitali walikuta sikio la kulia limejaa nta iliyogandamana na vumbi la mbao. Walilisafisha mara mbili. Sehemu ya usikivu ilirudi. Sehemu nyingine, daktari alimwambia bila kumficha, imechukuliwa na mashine na hairudi. Usikivu aliobaki nao autunze. Tangu siku hiyo yeye na mafundi wake huvaa vizibo vya masikio mashine inapowaka.

Dada Sikio alimwomba radhi. Mzee alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Hayo yamekwisha. Nipe hedifoni yangu."

Kabla ya kumpa, alichukua simu ya mzee na kuingia kwenye mipangilio. Kuna mahali, watu wengi hawapajui, ambapo sauti za kushoto na kulia huunganishwa kuwa moja, ili kila sikio lipate yote. Akapagusa. Kisha akamwekea kiti.

Mahojiano yalikuwa ya dakika kumi na tisa. Seremala aliyasikiliza yote, viganja juu ya magoti, na foleni ikasubiri bila mtu kulalamika. Katikati alianza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Alimuuliza kama nyuki wanamfahamu," aliwaambia watu waliokuwa karibu, ambao hawakujua habari za nyuki hata kidogo. "Ni swali zuri hilo. Mimi nisingelifikiria."

Akampigia binti yake palepale. Dada Sikio alijifanya anapanga vijiti vya meno, lakini kwa masikio yake, kutosikia ni kazi. Mzee alimtajia mwanawe maswali sita, moja baada ya jingine, na baada ya kila moja akaeleza kwa nini lilimpendeza.

Baada ya wiki mbili mkokoteni ulisimama mbele ya duka ukiwa na mbao zilizokatwa tayari na sponji ya godoro. Seremala alimwambia bosi kwamba habari za masikio ya mtu hazisemwi kwenye ujia. Ilimchukua asubuhi moja kukisimamisha kibanda. Bosi alikizunguka mara mbili, akaingia, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu kuliko walivyotarajia. Alipotoka alisema tu, "Kuna utulivu." La kurudi kufungasha halikutajwa tena.

Tangu wakati huo, Dada Sikio amewaelekeza wateja wengine watano wakapimwe masikio. Huwaambia mlango ukiwa umefungwa. Wale wasiosikia vizuri huwaandikia.

Huko kuandika ndiko kulikomfungulia wazo linalomshughulisha sasa. Maelezo yanayokuja ndani ya maboksi, anasema, yana herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwa lugha saba, na hakuna hata moja anayoijua mama mkwe wake. Ameanza kuandika karatasi yake mwenyewe, ya upande mmoja, kwa Kiswahili, yenye michoro. Mstari wa kwanza unasema: *Usikasirike kwanza. Toa nailoni.*

Mhariri wake ni mama mkwe, mwenye miaka sabini na moja, na hana huruma. Nakala ya kwanza aliirudisha akiuliza "kiunganishi" ni mdudu gani. "Andika pini, mwanangu. Tuelewane." Nakala ya pili ilikuwa ndefu. Ya tatu alisema michoro yote inafanana na sufuria.

Jumapili iliyopita alipewa nakala ya nne, simu, na hedifoni mpya ndani ya boksi. Dada Sikio alikaa kona nyingine ya sebule, mikono mapajani, amejikataza kusaidia. Bibi alisoma mstari, akafanya. Akasoma mwingine, akafanya. Alijaribu vipira vya ukubwa wa aina mbili, akachagua. Zilipita dakika kumi na mbili. Kisha akatulia.

"Mama, inasikika?"

Bibi alifumba macho.

"Mama?"

Mama mkwe aliinua kidole kimoja bila kugeuka, kama anayemwambia mtoto angoje wakubwa wamalize kuongea.

Jumatatu karatasi ilifika mezani kwa bosi, na amekubali kulipia kurudufu. Mzigo mpya unaingia mwezi ujao, maboksi mia mbili, na Dada Sikio anatumaini kila moja litatoka dukani na karatasi ndani yake.

Wateja wake si watapungua? Anafuta spika ya hedifoni kwa kitambaa.

"Watapungua wale wa nailoni," anasema. "Wale wenye shida yenyewe nitapata muda wa kukaa nao. Nimwambie bosi aongeze kiti cha pili humu."