Kuomba Moto

Kwa miaka mingi nyumbani kwangu Ikwiriri hapakuwa na kiberiti, na jambo hilo nilijivunia kuliko nilivyojivunia wanangu. Marehemu mume wangu alikuwa mchoma mkaa. Alishinda porini upande wa Mbwara akilinda tanuri lake, akiutazama moshi mpaka ugeuke kutoka mweupe kuwa wa buluu, ndipo ajue mkaa umeiva. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo zaidi. Kila baada ya chakula cha jioni nilifukia makaa mekundu ndani ya majivu, na asubuhi baada ya swala niliyafukua nikayapuliza. Moto wangu haukuzimika.

Majirani walijua. Kukicha walikuja na vigae vya vyungu kuomba kaa moja la kuwashia. Kwetu mwomba moto hapewi mlangoni. Anaingia mpaka jikoni, anavuta kigoda, anangoja kaa lishike vizuri, na akiwa anangoja lazima aseme kitu. Nilijua mimba kabla waume hawajazijua. Nilijua nani ameachwa, nani mpunga wake umeliwa na viboko, nani kapanda basi la asubuhi akidai anakwenda msibani. Mume wangu alinitania kwamba nagawa moto ili nilipwe umbea. Hakukosea.

Alipofariki ndio kwanza walizidi kuja. Nilimaliza eda yangu bila kuwa peke yangu asubuhi hata moja.

Kisha ikaja nishati safi ya kupikia. Gari lilipita na kipaza sauti likisema mkaa unamaliza misitu na moshi wake unaua, tupikie gesi, tupikie umeme. Nilisimama uani na upawa mkononi, nikajiuliza kama sasa mimi ndiye nishati chafu. Lakini moyoni sikubisha. Nilishakwenda Mbwara nikapaona pale alipokuwa akichomea mume wangu: vichaka na jua tu. Na kifua changu nakijua mwenyewe kinavyokohoa. Shule ikaacha mkaa, mama ntilie wa stendi wakaacha, kisha nyumba moja moja. Umeme wenyewe siku hizi unatoka kwenye mto wetu, huko juu bwawani. Maji yaleyale yaliyokuwa yakilowesha mashamba yetu sasa yanaivisha wali wa watu wa Dar es Salaam.

Hakuna aliyekuja kuniaga, na sikumlaumu mtu, maana nani anaaga jiko? Asubuhi zikawa za watu wawili, halafu za mmoja, jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa makuti, mwanamke wa umri wa binti yangu. Mwisho naye mumewe akamletea mtungi wa gesi. Nikawa nafukua makaa yangu, napuliza, naweka kigoda cha pili, halafu nakaa nasikilizia mlango. Nilikuwa mpweke, na nalisema bila aibu. Binti yangu naye aliniletea jiko la gesi kutoka Dar es Salaam. Nililifunika kanga, nikaweka ungo juu yake.

Siku moja nikafanya jambo la kitoto. Niliumwagia moto wangu maji. Ulilia vibaya, majivu yakaniruka usoni. Nikachukua kigae, nikavuka kwa jirani.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Moto wangu umezimika, mwanangu. Nimekuja kuomba moto."

Alinitazama kwa heshima, kisha akakitazama kigae. Jikoni kwake kulikuwa kweupe, hakuna masizi wala kigoda. Mtu anapika wima. Chai ilikuwa juu ya moto wa buluu. Mkono wangu kwa mazoea ulishanyoosha kigae kuelekea pale, ndipo nikatambua kwamba moto ule hauna kaa. Hauchoteki. Tukabaki tumesimama, yeye na mimi, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

"Usihangaike, mama," akasema. Akafungua kabati, akatoa kiberiti kipya, akakiweka kwenye kigae changu kwa mikono miwili. "Chukua chote. Ukiwa nacho, hutapata tena taabu ya kuja huku."

Alisema kwa wema, ndiyo maana hata kumkasirikia sikuweza. Nilimshukuru. Nikauliza habari za watoto, akajibu hawajambo, chai ikataka kufurika, akageuka kuzima moto. Nikatafuta neno lingine la kusema, mimi niliyekuwa na maneno ya mtaa mzima, nikalikosa.

Nikarudi nyumbani. Jiko langu lilikuwa tope jeusi, halifai kitu kwa siku ile. Nikaondoa ungo, nikaondoa kanga, nikawasha gesi ya binti yangu kwa njiti ya kwanza ya kiberiti kile na kubandika maji. Nikavuta kigoda nikae ningoje, na kabla sijakaa vizuri, maji yakawa yanachemka.